Kiyoyozi na Safari ya Joto

Msomaji, huenda umepata kuingia katika nyumba moja mjini Mombasa wakati wa maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, ukaikuta hewa imetulia kama maji ya kisima. Kiyoyozi kinanguruma ukutani, mita ya umeme inakwenda mbio, na watu waliomo chumbani wanajipepea kwa magazeti. Mwenye nyumba hukasirika akashusha kipimo kutoka nyuzi 24 hadi nyuzi 16. Joto lisipopungua, humwita fundi akaongeze gesi. Fundi huongeza gesi, hupokea ujira wake, huenda zake. Miezi michache ikipita, shauri huwa lile lile, na ujira hulipwa mara ya pili.

Kosa la mwenye nyumba huyu si la mkono bali ni la fikira. Anadhani kwamba kiyoyozi hutengeneza baridi kama jiko litoavyo moto, na kwamba gesi ndiyo kuni zake. Sivyo hata kidogo. Baridi si kitu cha kutengenezwa. Ni upungufu wa joto, kama vile giza lilivyo upungufu wa nuru. Kiyoyozi ni mchukuzi tu. Hulitwaa joto chumbani, hulibeba, akalitua nje, kama hamali abebavyo magunia bandarini. Kwa hiyo kisipopoza, swali la kuuliza ni moja: mzigo umekwama wapi njiani? Haikuwa kazi ya siku moja kwa wanadamu kulifahamu jambo hili. Natuifuate safari yao, maana kila hatua yake hutuonyesha mahali pamoja pa kutazama chombo hiki kinapotushinda.

Asili ya jambo lenyewe si ngeni kwetu. Wazee wetu walipoza maji ya kunywa katika mtungi wa udongo. Maji hupenya kidogo kidogo katika udongo, hufika juu ya mtungi, hukauka, na kila yakaukapo huchukua sehemu ya joto la maji yaliyobaki ndani. Mtungi uliowekwa barazani penye upepo hupoza vizuri. Mtungi uliofungiwa kabatini, au uliopakwa rangi hata udongo ukazibika, haupozi. Udongo ni ule ule na maji ni yale yale, lakini njia ya joto imezibwa.

Mwaka 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alipata hataza ya mashine iliyoifuata kanuni ya mtungi, ila yeye hakuuacha mvuke upotee hewani. Alitumia etha, ambayo hukauka upesi kuliko maji. Mvuke wake ulikandamizwa, ukapozwa, ukawa maji tena, ukarudishwa mwanzo wa safari ndani ya mabomba yaliyofungwa. Mtungi wa Perkins ulikuwa mtungi usiokwisha maji, na viyoyozi vya majumbani mwetu leo ni wajukuu wake.

Wakati huo huo, huko Florida, kusini mwa Marekani, daktari mmoja aitwaye John Gorrie alikuwa akiwauguza wagonjwa wa homa katika mji mdogo wa bandari wa Apalachicola. Siku zile matabibu waliamini kwamba malaria huletwa na hewa mbaya itokayo vinamasini. Gorrie alitundika chombo cha barafu karibu na dari ya chumba cha wagonjwa. Hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, ilishuka ikawaburudisha. Lakini barafu ile ilikatwa katika maziwa ya kaskazini wakati wa kipupwe na kuletwa kwa meli. Meli ikichelewa, wagonjwa waliungua kwa homa na kwa jua pamoja. Gorrie akaazimia kujitengenezea barafu yake mwenyewe, na tarehe 6 Mei 1851 akapewa hataza ya mashine yake.

Kanuni ya Gorrie ilikuwa hii. Hewa ikikandamizwa hupata moto. Joto lile likiondolewa kwa maji, kisha hewa ikaachiliwa itanuke, hupoa kupita ilivyokuwa mwanzo. Alitafuta watu wenye mali wa kumsaidia, asiwapate, akafa mwaka 1855 katika umaskini. Baadaye watu wa Florida walimtukuza, wakaiweka sanamu yake katika jengo la bunge la Marekani mjini Washington. Kuhusu malaria alikuwa amekosea, maana mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliviona vijidudu vya ugonjwa huo ndani ya mbu. Kuhusu joto alikuwa amepatia.

Litazame vema, msomaji, sharti lililo katikati ya kanuni yake: pasipo maji ya kulipokea joto, mashine ya Gorrie isingalipoza hata kikombe kimoja. Katika kiyoyozi cha leo, kazi ya maji yale hufanywa na upepo wa feni iliyo katika sanduku la nje. Basi chumba kisipopoa, toka nje kwanza. Je, sanduku hilo limejaa vumbi na majani makavu? Je, limebanwa kati ya kuta mbili, likivuta tena hewa moto liliyoitoa lenyewe? Je, kuna nguo zilizoanikwa mbele yake? Je, feni yake inazunguka? Hewa itokayo hapo yapasa kuwa ya moto kuliko hewa ya uani, kwani huo ndio ushahidi kwamba mzigo unatuliwa. Sanduku lililozibwa ni mtungi uliofungiwa kabatini.

Hatua iliyofuata haikuanza kwa ajili ya raha ya mtu. Mwaka 1902 kiwanda kimoja cha kupiga chapa huko Brooklyn, New York, kilikuwa katika dhiki. Picha zake zilichapwa rangi moja baada ya nyingine. Siku za unyevu karatasi ilifyonza maji ikatanuka, na siku kavu ikanywea, hata rangi ya pili isiangukie mahali pa rangi ya kwanza. Kazi ya kutafuta dawa alipewa mhandisi kijana wa miaka 25, Willis Carrier. Yeye alitambua kwamba adui wa karatasi ni maji yaliyomo hewani, wala si joto peke yake. Akaipitisha hewa juu ya mabomba baridi, na maji yakajitenga yakadondoka, kama bilauri ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Michoro yake ina tarehe ya 17 Julai 1902.

Kwa hiyo kiyoyozi kina kazi mbili, kupunguza joto na kukamua maji, na katika pwani yetu kazi ya pili si ndogo. Anayekiwasha huku mlango uko wazi anakiamuru kiikaushe bahari. Maji yanayodondoka nje kwa mpira wake ni dalili ya uzima. Yakidondokea ndani, aghalabu mpira umeziba na wataka kusafishwa.

Hapa ndipo penye kosa lililo jepesi kuliko yote na linalosahauliwa kuliko yote, nalo ni chujio. Chujio likijaa vumbi, hewa ya chumbani hushindwa kuyafikia mabomba baridi. Mabomba, yakikosa joto la kubeba, huzidi kuwa baridi hata unyevu ukaganda juu yake. Ndipo utakapoona ajabu: barafu ndani ya kiyoyozi, na jasho usoni pa watu! Mjinga huifurahia barafu ile akisema kwamba mashine ina nguvu, kumbe barafu yenyewe ndiyo kizibo. Dawa yake ni kuzima, kuiacha iyeyuke, kulitoa chujio, kuliosha kwa maji, kulikausha kivulini, na kulirudisha. Mahali penye vumbi yafaa kufanya hivyo kila baada ya majuma mawili au matatu. Barafu ikirudi ilhali chujio ni safi na feni ya ndani inavuma vizuri, mshukiwa wa tatu ni gesi.

Habari ya gesi ni ya kusikitisha. Mashine za zamani zilitumia amonia na dioksidi ya salfa, ambazo zikivuja nyumbani huweza kuua. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake huko Marekani walipata gesi ya namna mpya, isiyowaka wala isiyo sumu kwa mwenye kuivuta. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake mjini Atlanta, akaivuta gesi ile kifuani, kisha akaipuliza juu ya mshumaa hata ukazimika. Watu walishangilia, na kwa gesi ya jamii hiyo mashine za kupoza ziliingia majumbani bila hofu.

Lakini mwaka 1974 wataalamu Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi hizo hupanda juu sana na kuiharibu ozoni, utando unaotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba utando huo umepungua mno juu ya Antaktika. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalipatana huko Montreal kuziondoa gesi hizo. Zikaja nyingine zisizodhuru ozoni, lakini nazo zina kosa lake: kilo moja ya gesi iitwayo R-410A hupasha dunia joto, kwa muda wa miaka 100, kama kilo 2,000 hivi za hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mataifa yalikutana tena jirani yetu, mjini Kigali, na tarehe 15 Oktoba 2016 yakakubaliana kuzipunguza hizo pia.

Sasa turudi kwa mwenye nyumba wetu. Gesi si kuni. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi, bila kuliwa. Ikipungua, pana mahali inapovuja, na anayeiongeza bila kupatafuta mahali hapo anajaza maji katika pakacha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta unaobomoka hapa ni mfuko wa mwenye nyumba, na juu yake ni hewa ya watu wote. Basi fundi akija, usimwambie, “Ongeza gesi.” Mwulize, “Inavujia wapi?” Fundi mwema atatafuta madoa ya mafuta penye maungio, atapaka povu la sabuni, ataziba, atavuta hewa yote iliyoingia mabombani, kisha ataipima gesi kwa mizani kama kibandiko cha mashine kisemavyo, maana gesi iliyozidi nayo huzuia kupoza. Wewe mwenyewe usilifungue sanduku. Kapasita iliyomo huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na baadhi ya gesi za siku hizi huwaka.

Kabla ya kumwita fundi, pima. Weka kipimajoto mahali hewa inapoingia katika kiyoyozi, kisha mahali inapotokea. Baada ya robo saa, tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12, mchukuzi anafanya kazi yake barabara. Huenda basi mzigo ndio mkubwa mno: dirisha lisilo pazia linalolipokea jua la alasiri, bati lisilo dari, au mashine ndogo katika ukumbi mkubwa.

Gorrie alikosea chanzo cha homa akapatia kanuni ya joto. Carrier aliitwa kwa ajili ya rangi akagundua kwamba ugonjwa ulikuwa katika maji. Midgley aliiponya sumu ya nyumbani akaacha jeraha angani, kwa kuwa hakuna aliyeuliza gesi ile huenda wapi ikitoka. Mwenye nyumba wa Mombasa naye, kila aongezapo gesi bila kuuliza, hulirudia kosa lile la mwisho kwa kipimo chake kidogo. Wewe, msomaji, ukikuta chombo kimeshindwa kazi, usikimbilie kukiongezea nguvu. Uliza kwanza kilikuwa kikibeba nini, kikitoa wapi na kupeleka wapi, kisha uifuate njia hiyo hatua kwa hatua mpaka ufike pale palipoziba.