Take (kitenzi)

Take ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya msingi ya kuchukua, kushika au kutwaa. Kwa wakati uliopita husemwa took, na umbo lake la kutendwa ni taken. Ingawa Mwingereza hawezi kupitisha siku bila kukitamka, asili yake ni Skandinavia. (Kufanana kwake na kutaka ni kwa sauti tu.)

Waingereza wa kale walisema niman, ndugu wa nehmen cha Kijerumani na nemen cha Kiholanzi. Kisha wakaja Waviking. Mwaka 793 walivamia monasteri ya Lindisfarne; mwaka 865 walishusha jeshi kubwa, na wengi wao wakalowea kaskazini na mashariki mwa nchi. Mwaka 1016 Cnut, mwana wa mfalme wa Denmark, akawa mfalme wa Uingereza. Watu hao walisema taka, tók, tekinn, na hapo ndipo yalipotoka maumbo yote matatu ya leo.

Upanga peke yake hauelezi badiliko hili. Wanormani walioiteka nchi mwaka 1066 waliacha maneno mengi zaidi, lakini sehemu kubwa yalikuwa ya mahakama, kanisa na makasri. Neno la kila siku kama hili hupenya kwa ujirani. Wageni na wenyeji walioana na kulima bega kwa bega, na lugha zao zilikuwa na mzizi mmoja, hata mtu akitumia neno la jirani yake alieleweka. Vivyo hivyo wakazi wa pwani yetu walipokea kurudi na kufikiri kutoka Kiarabu, lugha isiyo hata ya ukoo mmoja na Kiswahili.

Niman hakikufa mara moja. Kilidhoofika katika Zama za Kati, na kufikia karne ya 17 umbo lake nim lilibaki na maana ya kudokoa. Katika tamthilia ya Henry V, Shakespeare alimpa askari mwizi jina la Nym. Numb, yaani mwenye ganzi, nalo ni tawi lake: kiungo kilichochukuliwa hisia.

Take chenyewe kilitanuka mno. Mtu hu-take dawa, picha, mtihani au basi, mahali ambapo Kiswahili humeza, hupiga, hufanya na hupanda. Nchini Iceland kitenzi hicho bado ni taka. Wadenmark husema tage na Waswidi ta.