Wanafunzi wanaoandikisha wapiga kura Marekani na suala la ujira

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo mwezi Juni, vyuo vikuu vingi vya Marekani huwa vimefungwa na wanafunzi hutafuta kazi za muda. Wapo wanaouza madukani, wanaotunza watoto katika kambi za likizo na wanaofanya mafunzo ya vitendo maofisini. Wapo pia wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na fomu na kalamu, wakiwahimiza wananchi kujiandikisha kupiga kura.

Kazi hiyo ya mwisho ina historia ndefu, na katika historia hiyo swali moja limekuwa likirudi: je, anayeifanya alipwe? Jibu limekuwa likiamua ni kijana wa aina gani anayeweza kugonga mlango wa mpiga kura, na ni yupi anayelazimika kwenda kutafuta karo ya muhula unaofuata.

Kwa nini kazi hii ipo

Nchini Tanzania, Tume ya Uchaguzi ndiyo hupeleka vifaa na makarani vituoni wakati wa uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Marekani hali ni tofauti. Uandikishaji huendeshwa na majimbo, kila moja kwa sheria zake, na kwa sehemu kubwa ni juu ya raia mwenyewe kuhakikisha jina lake limo. Anayehama hutakiwa kurekebisha anwani yake. North Dakota ndilo jimbo pekee lisilo na utaratibu wa kuandikisha wapiga kura.

Mwaka 1993 Rais Bill Clinton alitia saini Sheria ya Taifa ya Uandikishaji wa Wapiga Kura, iliyowezesha raia kujiandikisha katika ofisi za leseni za udereva na kwa njia ya posta. Kuanzia mwaka 2016, Oregon ikitangulia, majimbo kadhaa yalianza kuandikisha raia moja kwa moja wanaposhughulikia leseni. Hata hivyo, wasio na magari, wapangaji wanaohama mara kwa mara na vijana waliotimiza umri wa miaka 18 karibuni bado huachwa nje kwa urahisi. Pengo hilo ndilo linalozibwa na asasi za kiraia, vyama vya siasa na wanafunzi wanaowatumikia.

Mississippi, 1964

Mfano unaotajwa zaidi ni Kiangazi cha Uhuru cha mwaka 1964 katika jimbo la Mississippi. Mwaka 1962, ni asilimia 6.7 tu ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura waliokuwa wameandikishwa katika jimbo hilo. Mwombaji alitakiwa kufafanua kifungu cha katiba ya jimbo kwa namna ya kumridhisha karani, na jina lake lilichapishwa katika gazeti la mahali alipo, hivyo mwajiri wake na majirani walijua alichokifanya.

Mratibu mkuu wa mpango huo alikuwa Robert Moses, mwalimu wa hisabati kutoka New York na mwanaharakati wa Kamati ya Wanafunzi ya Kuratibu Harakati Zisizo za Vurugu, iliyojulikana kwa kifupi SNCC. Miaka michache baadaye Moses alihamia Tanzania, ambako alifundisha hisabati hadi mwaka 1976 aliporejea kwao. Alifariki dunia Julai 2021.

Mafunzo yalifanyika Juni 1964 katika chuo kimoja cha wanawake mjini Oxford, jimbo la Ohio. Wengi wa waliojitokeza walikuwa wanafunzi weupe kutoka vyuo vya kaskazini. Hawakulipwa. Kila mmoja alitakiwa kujigharamia matumizi yake na kuwa na Dola 500 za dhamana endapo angekamatwa, fedha nyingi kwa wakati huo.

Sharti hilo lilikuwa na matokeo yake. Mwanasosholojia Doug McAdam, aliyechunguza fomu za maombi za washiriki na kuchapisha kitabu mwaka 1988, alionyesha kuwa wengi wao walitoka katika familia zenye uwezo. Mtoto wa mkulima au wa mtumishi wa ndani hakuweza kupoteza mapato ya likizo nzima.

Makatibu wa SNCC waliokuwa wakiishi vijijini mwaka mzima, wengi wao vijana weusi, walipokea posho ya Dola 10 kwa wiki, ambayo baada ya makato ilibaki Dola 9.64.

Gharama ya kiangazi hicho haikuwa ya fedha peke yake. Juni 21, 1964, James Chaney, Michael Schwerner na Andrew Goodman waliuawa katika wilaya ya Neshoba. Goodman alikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 20. Miili yao ilipatikana Agosti 4. Watu weusi wapatao 17,000 walijaribu kujiandikisha mwaka huo, lakini waliokubaliwa walikuwa takriban 1,600.

Mwaka uliofuata, Agosti 6, 1965, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Kufikia mwaka 1967, watu weusi walioandikishwa Mississippi walikaribia asilimia 60.

Kutoka kujitolea hadi posho

Mwaka 1996 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, AFL-CIO, lilianzisha mpango wa kiangazi kwa vijana, wengi wao wanafunzi, uliochukua mfano wake kutoka Mississippi. Tofauti ni kwamba washiriki walilipwa posho ya Dola 210 kwa wiki.

Katika kampeni za mwaka 2008, Barack Obama aliwachukua maelfu ya vijana kwa mafunzo ya wiki sita ya uhamasishaji mashinani. Hayakuwa na malipo. Mwaka 2019 chama cha Democratic kilianzisha mpango wa kuwafunza wanafunzi wa vyuo kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka 2020, safari hii kwa malipo, kikieleza kuwa kazi ya bure huwafungia mlango wanafunzi wasio na uwezo. Kwa upande wa Republican, umoja wa kitaifa wa wanafunzi wa chama hicho kwa miaka mingi uliajiri vijana kuandaa matawi vyuoni wakati wa uchaguzi.

Kazi yenyewe

Siku za mwanzo huwa za mafunzo: sheria za jimbo husika, namna ya kujaza fomu na namna ya kuzungumza mlangoni. Kisha kila mmoja hupewa orodha ya nyumba na mtaa wake. Jioni fomu huhesabiwa, hukaguliwa na kukabidhiwa kwa msimamizi, kwa kuwa majimbo huweka muda wa kuzifikisha ofisini na mengine hutoza faini kwa uchelewaji.

Uzito wa kukutana ana kwa ana umethibitishwa na utafiti. Mwaka 1998 wataalamu Alan Gerber na Donald Green wa Chuo Kikuu cha Yale walifanya jaribio kwa wapiga kura wapatao 30,000 mjini New Haven. Waligundua kuwa kutembelewa nyumbani kuliongeza idadi ya waliojitokeza kupiga kura kwa kiwango kikubwa, ilhali simu za watu wa kukodiwa hazikuonyesha faida ya kuonekana.

Namna ya kulipa

Kulipa peke yake hakutoshi, kwani namna ya kulipa inaweza kuharibu kazi. Kumlipa raia ili ajiandikishe au apige kura katika uchaguzi wa shirikisho ni kosa la jinai, lenye adhabu ya faini ya hadi Dola 10,000, kifungo cha hadi miaka mitano au vyote viwili. Kumlipa mwandikishaji ni halali, lakini baadhi ya majimbo hukataza malipo ya kila fomu, kwa kuwa humshawishi mfanyakazi kubuni majina.

Asasi ya ACORN ilipata funzo hilo jimboni Nevada. Katika kampeni za mwaka 2008, mpango wake mjini Las Vegas uliwapa bakshishi ya Dola 5 wafanyakazi walioleta fomu 21 au zaidi kwa siku. Mwaka 2011 asasi hiyo, ambayo tayari ilikuwa imefunga shughuli zake, ilikiri kosa mahakamani na kutozwa faini ya Dola 5,000.

Ndiyo maana waajiri makini hulipa kwa saa au kwa wiki. Kima cha chini cha shirikisho kimekuwa Dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, na majimbo mengi yana kima cha juu zaidi. Hata hivyo, sheria inaruhusu asasi zisizo za kibiashara kupokea watu wa kujitolea bila malipo, hivyo nafasi za bure hazijatoweka.

Fedha za serikali

Chanzo kimoja cha ujira kimekuwa na mvutano. Tangu miaka ya 1960, serikali ya shirikisho huchangia mishahara ya wanafunzi wenye uhitaji wanaofanya kazi wakati wa masomo. Februari 2024, Wizara ya Elimu ilieleza kuwa fedha hizo zingeweza kuwalipa wanafunzi kwa baadhi ya kazi za uandikishaji wa wapiga kura zisizoegemea chama. Agosti 2025, chini ya utawala wa Rais Donald Trump, wizara hiyo hiyo ilifuta maelekezo hayo, ikisema fedha hizo si za shughuli za kisiasa. Waliotegemea mpango huo walibaki na njia mbili: asasi yenye fedha zake, au kujitolea.

Kabla ya kukubali nafasi

Mwanafunzi hushauriwa kuuliza mambo manne: analipwa kwa saa au kwa fomu, nani hulipia usafiri na malazi, mwajiri ni chama au asasi isiyofungamana na upande wowote, na iwapo chuo hutambua kazi hiyo kama sehemu ya masomo. Asasi zilizosamehewa kodi kwa kazi za hisani haziruhusiwi kumpigia debe mgombea yeyote.

Kwa vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma huko, tahadhari ni kubwa zaidi. Asiye raia haruhusiwi kujiandikisha wala kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho, na mwenye viza ya masomo huhitaji kibali kabla ya kufanya kazi ya malipo nje ya chuo. Kosa katika mojawapo ya hayo linaweza kumfukuzisha nchini kabla hajamaliza shahada yake.