Seli, Tishu, Ogani: Hii Stori Ulikariri Shuleni Inaweza Kukuokolea Mtoto

Kama ulipitia baiolojia ya sekondari, hii laini unaijua kama jina lako: seli, tishu, ogani, mfumo, kiumbe. Ulikariri, ukaandika kwa mtihani, ukapata alama zako, ikaisha hivyo. Noma ni kwamba wengi wetu tuliikariri kama majina ya steji bila kujua matatu inaenda wapi.

Leo tupande hizo ngazi moja moja na kitu kimoja tu: selimundu, ule ugonjwa unaofanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu. Ukimaliza, hautahitaji kukariri tena.

1. Molekuli

Ndani ya chembe moja nyekundu kuna himoglobini karibu milioni 270. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Himoglobini imeundwa kwa minyororo, na ule unaoitwa beta una amino asidi 146. Kwa mtu wa selimundu, ya sita imebadilishwa. Moja tu kati ya 146! Ngori yote inaanzia hapo.

2. Seli

Oksijeni ikipungua, hizo himoglobini zinashikana na kuwa nyuzi ndefu, ngumu. Seli iliyokuwa laini, inayopenya popote, sasa inakauka na kupinda. Seli ya kawaida huishi siku kama 120. Hii ya mundu inadumu siku 10 hadi 20 hivi.

3. Tishu

Tishu ni mbogi ya seli zinazopiga kazi pamoja, na damu ni tishu. Seli zikifa mbio hivyo, uboho wa mifupa haupati nafasi ya kuzirudisha zote. Damu inapungua.

4. Ogani

Seli ngumu zinaziba mishipa midogo, kama lori lililokwama kwa kichochoro. Wengu, ogani inayochuja viini kwenye damu, huharibika mapema sana utotoni. Ndo maana watoto wenye selimundu hupewa penisilini kila siku wakiwa wadogo. Ubongo ukikosa damu, hata mtoto anaweza kupata kiharusi.

5. Mfumo, halafu mtu mzima

Mfumo wa damu unagusa kila kona ya mwili, kwa hivyo maumivu yanaweza kutokea popote: mgongo, kifua, miguu. Ukiskia beshte amekosa darasa siku tatu juu ya maumivu, usimwite mvivu. Wala hajarogwa. Ni ile amino asidi moja imepanda ngazi tano.

Vitabu vingi husimama hapo, lakini ngazi zinaendelea

Juu ya mtu mmoja kuna jamii nzima ya watu. Juu yake kuna viumbe wengine tunaoishi nao, halafu ekosistemu: viumbe hao pamoja na maji, hewa na joto la mahali. Mwisho kabisa ni dunia yote yenye uhai.

Sasa, mbona jeni inayoumiza hivi haijapotea? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alizunguka nchi mwaka wa 1949 akipima damu. Aliona jeni hiyo iko kwa wingi Pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini ni nadra nyanda za juu zenye baridi. Mwaka wa 1954 akachapisha jibu: ni malaria. Mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hivyo joto, maji yaliyotuama na mbu wa Anopheles vimechangia kuamua kilicho ndani ya damu yetu. Ngazi ya juu kabisa imerudi kugusa ya chini.

Kwani hii inakuhusu aje?

Waulize mabeshte zako "grupu" zao za damu. Wengi watakwambia O au A fasta. Sasa waulize kama ni AA, AS au SS. Kimya.

Hizo ni vitu viwili tofauti. Mtu wa AS kwa kawaida hana dalili, anaweza kucheza mpira na kuzeeka bila kujua. Lakini AS wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi ya asilimia 25 ya mtoto kuwa SS, yaani mwenye selimundu. Kila mimba, sio mtoto mmoja kati ya wanne halafu mmemaliza. Kipimo ni cha damu tu, uliza hospitali kipimo cha aina ya himoglobini. Na ukipata ni AS, bado lala ndani ya neti. Kinga yako sio kamili.

Poa ni kwamba msaada pia unaingia kwa ngazi yoyote. Neti inafanya kazi kwenye ekosistemu. Kuongezewa damu ni kwenye tishu. Dawa ya haidroksiyurea inaamsha himoglobini ya kijusi, ile ya kabla ya kuzaliwa, hapo chini kwenye molekuli. Na mwaka wa 2023, Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayorekebisha jeni zenyewe.

Kwa hivyo kama una mdogo wako anasoma hii topiki, ama wewe ni ticha, wachana na kumkaririsha. Chagua kitu kimoja, mpande nacho, na kila ngazi muulize maswali mawili: hapa kuna nini ambacho chini hakikuwepo? Na hapa kukiharibika, huko juu nani ataumia?