Mkindu wa Kwetu na Mpapindi wa Pemba

Hapa Nyakato, Musoma, ukimwuliza mtu mkeka wake umesukwa kwa kitu gani atakujibu "ukindu", basi. Hatakwambia Phoenix reclinata, wala hana sababu ya kufanya hivyo. Lakini jina hilo lina historia yake, na ndani ya historia hiyo limo swali la nani anaulinda mti gani.

Mwaka 1753 Mswidi Carl Linnaeus alitoa kitabu ambamo kila mmea ulipewa majina mawili ya Kilatini: kwanza la jamaa yake, kisha lake wenyewe. Mnazi ukawa Cocos nucifera, mtende ukawa Phoenix dactylifera. Mkindu ulingoja hadi 1801, ndipo Nikolaus Joseph von Jacquin wa Vienna alipouweka katika jamaa moja na mtende. Bwana huyu ndiye aliyekuwa ameupa mchikichi jina lake mwaka 1763, tena kwa mti aliouona kisiwani Martinique, ng'ambo ya bahari. Mti wa Afrika uliokwenda huko enzi za biashara ya watumwa!

Kwa nini mkindu na mtende ziwe ndugu? Tazama majani yake. Ukuti wa mnazi umekunjwa kama paa la nyumba, maji huteleza pembeni. Ukuti wa mkindu umekunjwa kinyume, kama mtumbwi, nao hukinga maji. Mtende ni vivyo hivyo. Aidha, yote miwili ina miti ya kiume na ya kike mbalimbali. Akina mama wasukaji wanaujua mkunjo huo kwa vidole.

Sasa twende Pemba, uliko mpapindi. Mwaka 1962 Harold Moore wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliuandika kuwa aina ya peke yake, Chrysalidocarpus pembanus, ingawa jamaa zake karibu wote wako Bukini na Komoro. Mwaka 1995 John Dransfield na Henk Beentje wa bustani ya Kew, Uingereza, wakauhamishia katika jamaa ya Dypsis. Mwaka 2022, baada ya uchunguzi wa vinasaba, ukarudishwa kulikokuwa. Wako wanaocheka mabadiliko hayo. Mimi sicheki, kwani neno moja halikupotea: Pemba. Kwa asili mti huo hauoti kwingineko duniani, na sehemu kubwa ya msitu wa kisiwa hicho ilikwisha kufyekwa kwa ajili ya mikarafuu na mashamba. Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi, ulitengwa mwaka 1959, yaani miaka mitatu kabla mpapindi haujapata jina lake la kitaalamu. Ukikatwa pale, umekatwa kwenye ngome yake kuu.

Mkindu hauna bahati hiyo ya kuwa adimu. Unaota toka Senegal hadi Afrika Kusini, na kwa hiyo orodha za dunia hazihesabu kuwa uko hatarini. Ni kweli. Lakini mkindu wa Senegal haumsaidii msukaji wa Musoma. Mikindu ya mito Seronera na Grumeti imo katika Hifadhi ya Serengeti, na huko kukata ni marufuku. Mzigo wote basi unaiangukia ile iliyo nje, na kinachotakiwa ni jani changa lisilofunguka bado, maana ndilo laini. Kila shina lina kichwa kimoja tu cha kukulia. Kikikatwa, shina hilo limekufa, ingawa mengine huchipuka pembeni.

Bonde likilimwa lote, hata hayo machipukizi hayapo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ziwa. Haiutaji mkindu kwa jina, lakini mimi naiona inaufaa kuliko orodha yoyote. Ningependa serikali za mitaa zianze na mita hizo, na wasukaji wenyewe washirikishwe kuotesha machipukizi humo. Tena wachanganye ya kiume na ya kike, la sivyo hakutakuwa na mbegu.