Askari na Mpagazi: Jina la Kazi katika Kumbukumbu za Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki

Mtu aliyewahi kutumikia jeshi anapodai haki yake baada ya vita, swali la kwanza aulizwalo si kama alikuwako vitani, bali alikuwako akiwa nani. Jina la kazi lililoandikwa daftarini ndilo liamualo mshahara, fidia, na hata namna ya kukumbukwa baada ya kufa. Likiandikwa visivyo, au lisipoandikwa kabisa, mwenye kuomba marekebisho hana budi kuthibitisha kwa njia nyingine kazi aliyoifanya. Makala haya yanachunguza majina mawili, askari na mpagazi, jinsi yalivyotumika katika vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki, na jinsi tofauti baina yao ilivyoendelea kutenda kazi muda mrefu baada ya bunduki kunyamaza.

Asili ya majina hayo ni mbalimbali. Askari limetoka katika Kiarabu, nalo tangu zamani lilikuwa na heshima ya silaha na ya utumishi wa mtawala. Mpagazi limetokana na kitenzi pagaa, yaani kuchukua mzigo begani, na lilienea sana katika misafara ya karne ya 19 baina ya pwani na bara, ambamo Wanyamwezi walipata sifa kubwa. Mpagazi wa msafara alikuwa mtu wa ujira: alipatana na mwenye msafara, na akidhulumiwa aliweza kuutua mzigo na kwenda zake.

Vita vilibadili maana hiyo. Mwezi wa Agosti 1914 Waingereza waliunda kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps, na mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya ya leo ikatunga sheria ya kuwaandikisha watu kwa nguvu. Yafaa kuangalia kwamba sheria hiyo haikuwaita watu hao wanajeshi. Iliwaita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wafuasi. Wananchi nao walilichukua jina la kikosi wakalitamka kwa matamshi yao. Ndiyo asili ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Basi mtu yule yule alikuwa mfuasi katika sheria, mpagazi katika mazungumzo, na katika daftari, mara nyingi, nambari tu.

Chini ya jina hilo moja zilifichwa kazi nyingi. Kwa kuwa mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota, jeshi lilitegemea mabega ya watu. Wapagazi walichukua chakula na risasi, walibeba mizinga midogo na majeruhi, walitengeneza njia, walipika, walihudumu hospitalini. Aliyebeba risasi hadi mstari wa mbele alikuwa katika hatari ile ile ya askari aliyezifyatua. Hata hivyo wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Hesabu za serikali zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wa Waingereza. Watafiti wa baadaye wamekadiria idadi inayokaribia 100,000. Pengo hilo latokana, kwa sehemu kubwa, na uandishi mbaya wa kumbukumbu.

Nguvu ya jina la kazi yaonekana wazi katika tukio la mwaka 1964. Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa waliokuwa askari wa Kijerumani. Kituo cha malipo kikafunguliwa Mwanza. Masimulizi yaliyorudiwa katika vitabu vya historia yasema kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza, lakini wachache tu walikuwa na hati walizopewa na kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa; wengine hawakuwa na kitu. Mwenye kulipa akampa kila mzee fagio badala ya bunduki, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride. Hakuna aliyeshindwa.

Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya utiifu wa askari. Kwa mwanafunzi wa lugha kina funzo jingine. Daftari lilipokosekana, amri za kigeni zilizokaa katika kumbukumbu ya mwili kwa miaka 46 zilisimama mahali pa hati. Lakini jaribio hilo lilimfaa askari peke yake. Mpagazi aliyetembea na jeshi lile lile miaka minne hakufundishwa gwaride. Ni amri gani ingetolewa ili athibitishe kuwa alibeba mzigo?

Sanamu za ukumbusho zilifuata mgawanyo huo huo. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, yaonyesha askari mmoja, na kwa jina hilo yajulikana. Ile ya Nairobi, ya mwaka 1928, ina mpagazi pia, na maandishi yake ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Maandishi hayo yaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la baba aliyekufa. Lakini hapana jina hata moja lililochongwa.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri, na kuomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wenye haki ya kwanza ya kudai marekebisho walikuwa wamekwisha kufa wote.

Kwa hiyo marekebisho yanayobaki ni ya wazao na ya wataalamu. Kwao kazi haianzi katika hesabu ya fedha, bali katika kuyakusanya majina ya watu pamoja na majina ya kazi zao kama yalivyosemwa na jamii zao wenyewe: mchukuzi wa risasi, mbeba machela, mpishi, mtengeneza njia. Maadamu wote wanaitwa wapagazi tu, kosa la daftari linaendelea kuandikwa upya.