Ujauzito katika umri mkubwa

Ujauzito katika umri mkubwa ni mimba ya mwanamke anayetarajia kujifungua akiwa ametimiza miaka 35 au zaidi. Mpaka huo ni wa kihesabu. Miaka ya 1970, madaktari wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakichota kwa sindano maji yanayomzunguka mtoto tumboni ili kupima kromosomu zake, waliona kwamba kuanzia umri huo uwezekano wa kukuta kasoro unakaribiana na hatari ya kipimo chenyewe kutoa mimba. Namba ikabaki, ingawa mwili wa miaka 36 hautofautiani sana na wa 34.

Chanzo kikubwa cha hatari kwa mtoto ni yai. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, hivyo yai la mama wa miaka 40 lina miaka 40, na kromosomu zake huelekea zaidi kugawanyika vibaya. Mwaka 1933 Lionel Penrose wa Uingereza alionyesha kuwa ugonjwa wa Down, ambao hutokana na kasoro ya namna hiyo, unafuata umri wa mama, si wa baba. Kwa mama wa miaka 25 huzaliwa mtoto mmoja mwenye hali hiyo kati ya takriban 1,250. Wa 35, mmoja kati ya 350. Wa 40, mmoja kati ya 100. Mimba nyingi zenye kasoro za namna hii hazifiki mbali: baada ya miaka 45, zaidi ya nusu ya mimba hutoka. Ajabu ni kwamba mapacha wasiofanana nao huongezeka kuelekea miaka 40, kwa kuwa homoni inayokomaza mayai hupanda.

Kwa mama, hatari kuu ni kisukari cha mimba, kondo la nyuma kuziba mlango wa kizazi, na kifafa cha mimba. Hiki cha mwisho hutanguliwa na shinikizo la damu la 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu ni dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja siku ya kliniki. Kwa walio hatarini, asprini ya kiwango kidogo, ikianzwa mapema kwa ushauri wa daktari, hupunguza uwezekano wake.

Vitabu vingi humchora mama huyu kama msomi aliyechelewa kuolewa. Afrika Mashariki, mara nyingi ni mama wa mimba ya sita au ya saba. Kizazi kilichobeba mara nyingi huweza kulegea baada ya kujifungua na damu ikatoka kwa wingi. Ndiyo maana sindano ya oksitosini, inayokaza kizazi, ni muhimu mara tu mtoto anapotoka. Tena uzoefu humponza: amezaa salama mara zote, haoni haraka ya kwenda kliniki, na hedhi inapokosekana akiwa na miaka 43 hudhani imekoma, hadi mtoto anapocheza tumboni.