Kianzio cha fundi: ulipe kiasi gani?

Kianzio ni fedha anayopewa fundi kabla hajaanza kazi. Masika yakikaribia, wengi huitoa kwa pupa. Ukibadilisha paa, tenganisha vifaa na ufundi. Bati, mbao na misumari nunua mwenyewe. Fundi akuandikie idadi na geji tu, risiti ibaki kwako. Ufundi ukiwa shilingi 300,000, mpe 60,000 ya kuanzia, nyingine akishasimamisha kenchi, iliyobaki paa likiisha na umelikagua. Anayetaka zote kabla hajapanda juu, mwache aende. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, ila Mahakama ya Mwanzo utaulizwa ushahidi. Andikianeni mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na ule ujumbe wa M-Pesa usiufute.